Ramani Zilizogoma Kufunguka Zuzu

Tereza alikuwa mchora ramani katika kampuni ndogo ya upimaji ardhi mjini Dodoma. Wapimaji walirudi kutoka porini na vumbi kwenye buti, wakamkabidhi vipimo vyao, naye akavigeuza kuwa mistari ya viwanja, barabara na mipaka ya mashamba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Chai alikunywa bila sukari, na hakupenda mtu asimame nyuma yake akiwa anachora.

Mama yake, Bi Anna, aliishi Zuzu, magharibi mwa mji, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Mvua zilipoanza, alitoka kuwafungia mbuzi, akateleza kwenye tope na kuvunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alisema asiachwe peke yake, hivyo Jenifa, mdogo wake Tereza, akamchukua kwake Ihumwa. Haukupita muda mrefu mama akaanza kurudisha sahani ya chakula bila kukigusa.

"Mnanitunza vizuri, sina neno," alisema. "Lakini hapa si kwangu. Nirudisheni nikafie kwenye nyumba yangu kama ni kufa."

Jenifa alikuwa na watoto wadogo, hakuweza kuhama. Tereza hakuwa na mtoto. Akarudi Zuzu na mama.

Kabla ya kuhama alimweleza bosi wake, Gerson, kwamba angependa kuchora akiwa nyumbani. Ramani zote zilikaa kwenye seva ya ofisi, ile kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na kulikuwa na programu ya kumwezesha mfanyakazi kuifikia kutoka mbali kupitia njia ya faragha ndani ya intaneti. Gerson mwenyewe aliitumia nyumbani kwake kila Jumamosi.

"Sawa, tujaribu," Gerson alisema. "Ila Tereza, kazi isilale."

Kazi ililala tangu siku ya kwanza. Tereza aliweka meza chini ya dirisha, akaunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, akaingiza nywila. Seva ikamkubali. Majina ya mafaili yote yakajipanga mbele yake, ya Chamwino, ya Ihumwa, ya kila mahali. Akabofya ramani moja ifunguke. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka, mwisho kompyuta ikamwambia mawasiliano yamekatika. Akabadilisha laini, akatumia ya mtandao mwingine. Hiyo haikumfikisha hata mlangoni. Seva haikuitika kabisa.

Alimpigia Swalihu, fundi aliyeitunza mitandao ya ofisi hiyo na ofisi nyingine kadhaa mjini.

"Mitandao miwili tofauti, na yote inagoma?" Swalihu aliuliza. "Basi hiyo ni kompyuta yako, dada. Niletee niiangalie."

Ilimbidi ampate jirani wa kukaa na mama ndipo apande bodaboda kwenda mjini. Swalihu aliifuta ile programu na kuiweka upya. Pale ofisini kila kitu kilifunguka, wakafurahi. Tereza aliporudi Zuzu, ramani zikagoma vilevile.

Gerson alianza kubadilika sauti. Kwake mtandao ulikuwa mzima, kwa wenzake wote ulikuwa mzima, sasa tatizo la Tereza peke yake lilikuwa tatizo gani? Hakumwita mwongo. Alisema tu, "Kumuuguza mzazi ni kazi nzito, ninaelewa," na Tereza alipokata simu aliyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, akasikia kilichokuwa ndani yake. Kazi kubwa ya Chamwino, aliyokuwa ameianza yeye, akapewa Stanley.

Ikabidi awe anakwenda ofisini asubuhi kunakili ramani kwenye flashi, akachore nyumbani, kesho yake arudishe. Siku moja akiwa huko, jirani alitoka kidogo kuanua nguo, na mama akaona anaweza kufika jikoni mwenyewe. Tereza alimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, mkono umechubuka. Nyonga ilikuwa salama.

"Nilitaka kuchochea moto tu," mama alisema, kama mtoto anayejitetea.

Tereza alimwinua, akamlaza, akaenda nje kumpigia bosi.

"Bosi, mimi sitoki tena kwenda kufuata ramani. Mama ameanguka. Kama kazi haiwezekani kutoka hapa, niambie, nitaacha. Lakini njoo kwanza uone kwa macho yako. Njoo na kompyuta yako."

Kisha Gerson akasema atakuja Jumamosi.

Alikuja na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mgonjwa. Akainama mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye bosi? Mbona mdogo?"

Gerson akacheka, akakaa, akafungua kompyuta yake ileile ya kila Jumamosi, akaiunganisha na simu ya Tereza. Majina ya mafaili yakaja. Akabofya. Alama ikazunguka. Akasubiri, akajaribu faili jingine, akazima akawasha. Mama alimtazama muda wote kutoka kitandani.

"Na yako pia inaumwa?" aliuliza.

"Inaumwa, mama," Gerson alisema. Akamgeukia Tereza. "Nilidhani unanizungusha. Samahani." Palepale akampigia Swalihu. "Kompyuta si mbovu. Yangu imegoma pia. Anza upya, na safari hii msikilize Tereza."

Jumatatu wakaanza upya, kwa simu, Swalihu akiwa ofisini mbele ya seva. Tereza alikuwa na jambo la kumweleza. Jumapili, Jenifa alipokuja kukaa na mama, yeye alikwenda nyumbani kwa Jenifa na kompyuta. Kwa intaneti ya waya ya nyumba ile, ramani zilifunguka bila shida. Palepale alipokaa, alipounganisha na simu yake, majina yakaja lakini ramani zikagoma.

"Kwa hiyo si Zuzu," Swalihu alisema polepole. "Wala si mnara wa huko. Ni mtandao wa hiyo laini yenyewe. Na ile laini nyingine?"

"Ile haijawahi kuniingiza hata mara moja."

"Basi haya ni magonjwa mawili, na mimi nilikuwa natafuta dawa moja." Akaandika kitu kwenye seva. "Tuanze na hii inayokuingiza. Nimekuwekea faili lenye maneno mawili tu. Lifungue."

Likafunguka mara moja. Lilisema: Habari Tereza.

"Limefunguka!"

"Sasa la picha, hapo chini yake."

Halikufunguka. Hapo Swalihu akaelewa. Alimweleza kwamba kila kinachopita kwenye intaneti hukatwa vipande, na ile njia ya faragha huongeza vazi lake juu ya kila kipande. Kwenye mitandao mingi vipande hivyo vilipita. Kwenye mtandao wa laini hii vilikuwa vinene kupita kiasi, vikatupwa njiani pasipo taarifa yoyote. Majina ya mafaili ni machache, vipande vyake vyembamba, ndiyo maana vilipenya.

Wakaanza kupima. Tereza alituma ujumbe wa majaribio kwenda kwenye seva, kila mara akiongeza ukubwa kama alivyoelekezwa, hadi walipopata kiwango ambacho majibu yalikoma. Swalihu akaishusha seva chini ya kiwango hicho, ianze kukata vipande vidogo zaidi kwa kila mtu.

"Jaribu ramani."

Tereza akabofya. Mistari ikaanza kujichora kwenye kioo, barabara kwanza, kisha viwanja, kisha namba zake. Upande wa pili Swalihu alikuwa akiita, "Dada? Dada, vipi?" naye alikuwa amefunika mdomo kwa khanga, machozi yanamtoka.

Ile laini ya pili waliimaliza siku iliyofuata. Mtandao wake ulikuwa umeuziba mlango wa mawasiliano ambao seva iliutumia, na Swalihu alipofungua mlango mwingine, ikapita.

Mama alianza kutembea na fimbo wakati uwele ulipokuwa unakomaa mashambani. Tereza sasa huenda ofisini siku chache kwa wiki, nyingine huchora dirishani Zuzu, na mama akijisikia vizuri hukaa karibu naye akichambua mboga za mlenda na kuuliza huu mstari ni nini, hapa ni kwa nani. Yeye huruhusiwa kukaa nyuma ya mchoraji.

Ramani ya Chamwino ilikamilishwa na Stanley, jina lake likaandikwa pembeni. Gerson alisema angependa kurekebisha hilo, lakini mteja alikuwa tayari amekabidhiwa. Tereza alimjibu kwamba Stanley ameichora vizuri, isipokuwa mfereji mmoja wa upande wa kusini, akaomba apewe vipimo vya kazi inayofuata.