Jumla ya Watoto Wanne

Wenzake walimpachika jina la Bi Hakika, na jina hilo lilimkaa kama gauni lililopimwa mwilini mwake. Kazi yake ilikuwa udadisi. Aliingia nyumba za watu na kishikwambi mkononi, akauliza ni nani anayeishi humo, nani ameoa, nani ameolewa, nani amehamia mbali kutafuta kazi, na kila mwanamke amezaa watoto wangapi maishani mwake. Majibu yalikwenda kwa watafiti ambao hakuwahi kuwaona, nao waliyageuza kuwa vitabu vinene kuhusu ndoa na uzazi.

Alikuwa amesomea uhazili katika chuo cha ufundi. Alihitimu vizuri, akakuta ofisi zote zimejaa, na utafiti huu ndio uliompokea. Aliishi kwa dada yake, katika chumba cha uani ambamo pasi yake na viatu vyake viwili vilikuwa na mahali pake maalumu. Shemeji yake, mtu wa masihara, hakuchoka kumchokoza wakati wa kula.

"Shemeji, siku utafiti ukifika nyumba hii, kwenye swali la ndoa utajaza nini?"

"Nitajaza kwamba mhojiwa hakupatikana."

"Hakupatikana, au hakutafutwa?"

Dada mtu humkata mumewe jicho, na Bi Hakika huendelea kula taratibu. Hakuwa na uchungu na maneno hayo. Lililompa fahari ni kwamba katika miaka yote ya kazi hiyo, hakuna fomu ya nyumba hata moja aliyoijaza iliyorudishwa kwa kosa.

Siri ya usahihi wake ilikuwa utii. Walifundishwa kwamba swali la watoto haliulizwi kwa mkupuo, kwa sababu mama akiulizwa tu "Una watoto wangapi?" atataja wanaoonekana na kuwaacha wengine. Huulizwa kwa mafungu: wa kiume anaoishi nao, wa kike anaoishi nao, walio kwingine, waliofariki. Mwishoni mdadisi hujumlisha na kuisoma jumla kwa sauti, ili mama athibitishe. Tena yote hayo yafanyike faragha. Mtu akitokea, mazungumzo yageuzwe papo hapo, hata kama ni kuuliza habari za paa.

Siku moja alifika nyumba ya mwanamke aliyeitwa Mshonaji, yenye vyumba viwili na ua wa saruji. Mumewe alikuwa nchi ya mbali, akifunga vioo vya majengo marefu, na alirudi kila baada ya mwaka au miwili. Akiwa huko, nyumba ilikuwa chini ya mama yake mzazi. Bi Hakika alimkuta Mama Mkwe huyo kibarazani, akichambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa takwimu? Mara ya mwisho mlihesabu vyoo. Sasa mmepanda mpaka watu."

"Ndiyo, mama. Ila maswali ya wanawake tunayauliza faragha. Ni utaratibu wetu."

"Faragha gani? Huyu mkwe wangu hata nguo zake za ndani nazianika mimi." Hata hivyo alijiinua na ungo wake, akaelekea kwa jirani. "Haya, nimefukuzwa na serikali kwenye kibaraza changu."

Ndani, cherehani ilikuwa karibu na dirisha na sketi za shule zilikuwa zimerundikwa kitandani zikingoja kupindwa. Binti mdogo alilala juu ya fungu la vipande vya vitambaa. Mshonaji alijibu huku akikanyaga cherehani. Wa kiume anaoishi nao wawili, wako shule. Wa kike mmoja, huyo hapo. Wa kiume walio kwingine, hakuna.

"Na wa kike uliowazaa, wanaoishi kwingine?"

Cherehani ikanyamaza.

"Hii inakwenda wapi?" aliuliza Mshonaji.

"Haiendi popote na jina lako."

"Mume wangu hajui. Mama mkwe hajui."

"Kwangu hawatajua."

Mshonaji alikata uzi. "Yupo mmoja," alisema. "Nilimpata nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Yuko kwa mama yangu, na ananiita dada."

Bi Hakika hakusema pole wala hongera. Hakuruhusiwa, na kwa kweli hakujua lipi lingefaa. Aliuliza kuhusu waliofariki, akaambiwa hakuna. Mshonaji alianza tena kukanyaga cherehani, kwa nguvu kuliko mwanzo, uso ameuinamisha kwenye upindo ili usionekane. Kwa ajili ya kelele hiyo, Bi Hakika alipaza sauti kidogo.

"Nihakikishe. Umezaa jumla ya watoto wanne. Ni sahihi?"

Kivuli kilikuwa kimekwisha kuanguka kwenye pazia la mlango. Alikiona kabla ya kulitamka lile "wanne". Hilo hakuweza kulikana hata mbele ya nafsi yake. Lakini sentensi ilikuwa imekwisha kuanza safari, na ulimi wake haukuwa na mazoea ya kuiacha jumla njiani.

Mama Mkwe alifunua pazia. Alikuwa amerudi kuchukua kisu.

"Wanne?" alisema. "Mimi nina wajukuu watatu. Huyo wa nne mmemzaa nyinyi wawili sasa hivi?"

Mshonaji alizidi kukanyaga cherehani.

"Nimekosea, mama," alisema Bi Hakika. "Nimejumlisha na mtoto wa nyumba niliyotoka."

"Yaani unalipwa kuhesabu, na hujui kufika nne." Alichukua kisu chake dirishani. Alicheka, lakini macho yake yalimpitia mkwewe kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayekagua kitambaa dukani, ndipo akatoka.

Alipobaki na Mshonaji, Bi Hakika alitaka kuomba radhi. Mshonaji alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini katika utafiti ule nyumba chache ziliteuliwa na kompyuta ili msimamizi azirudie mwenyewe, kuwapima wadadisi wake, na nyumba ya Mshonaji ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa. Msimamizi alikwenda, akauliza, akajibiwa. Kesho yake alimwita Bi Hakika katika stoo waliyoikodi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambamo meza yao ilizungukwa na mapipa ya rangi.

"Wewe uliandika wanne," alisema. "Mimi nimepewa watatu. Wadadisi hupunguza watoto ili kazi iishe mapema. Wewe umeongeza. Nieleze, maana sijawahi kuliona hili."

Bi Hakika aliutambua mtego kwa sababu kanuni za kazi alizijua kwa moyo. Akisema wanne ndio sahihi, tofauti itabidi isuluhishwe: yeye na msimamizi watarudi pamoja nyumba ile, wataketi, wataulizana, na Mama Mkwe hatakubali kufukuzwa kibarazani mara ya tatu. Akisema amekosea, basi ni mdadisi aliyebuni mtoto, na nyumba zake zote zitarudiwa na mtu mwingine.

"Nilikosea," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

Msimamizi alivua miwani. "Bi Hakika, nitazame. Kama kuna jambo, niambie. Siri ya mhojiwa hata mimi inanibana."

Alikuwa mtu mwema, na angeamini. Lakini Bi Hakika alikwisha kusema "kwangu hawatajua", kisha yeye mwenyewe akalitangaza mlangoni. Hakuona haki ya kulitoa tena, hata kwa mtu mwema.

"Hakuna jambo," alijibu. "Niliongeza mtoto."

Aliondolewa kwenye utafiti siku ileile. Nyumbani alisema mkataba umekwisha, na shemeji yake, badala ya kutania, alimwongezea wali. Baada ya kuhangaika alipata kibarua katika duka la kuchapa na kutoa nakala, na humo ndimo Mama Mkwe alimoingia asubuhi moja, Mshonaji nyuma yake.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Mkwe, akaweka vyeti vya kuzaliwa juu ya kaunta. "Baba yao amevitaka. Vipo vitatu. Ukinitolea vinne, silipi."

Wateja wawili walicheka. Bi Hakika naye alijitahidi kutabasamu. Mshonaji alikuwa akiitazama mashine.

"Nilimsimulia kwenye simu kituko chako," aliendelea Mama Mkwe. "Nikadhani atacheka. Akanyamaza, mpaka nikafikiri laini imekatika. Kisha akasema, mama, nitumie vyeti vya watoto wote."

Bi Hakika alivipanga vyeti kwenye mashine. "Mama, kosa lilikuwa langu," alisema, akahakikisha wateja wanasikia. "Hata kazini waliniondoa kwa kosa hilohilo. Mwambie hivyo. Mwambie yule binti alifukuzwa."

"Walikufukuza?"

"Ndiyo, mama."

Mama Mkwe aliacha mzaha. "Ajabu hiyo," alisema polepole. "Mtu afukuzwe kazi kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo."

Mashine ilitoa nakala, Bi Hakika akazilinganisha kingo na kuzibana kwa pini. Alipomkabidhi Mshonaji, macho yao yalikutana kwa mara ya kwanza tangu siku ile, naye hakuona humo hasira wala shukrani. Aliona mtu anayesikiliza, kama asikilizaye hatua nyuma ya mlango.

"Atapiga jioni," alisema Mama Mkwe. "Nitamwambia ulivyosema."

Ngazi ya duka ilikuwa na kidato kilichovunjika. Walipofika hapo Mama Mkwe alimshika mkwewe mkono, juu kidogo ya kiwiko, na Bi Hakika, aliyekuwa amesimama kwenye kaunta, hakuweza kujua ni nani aliyekuwa akimwegemea mwenzake, wala kama huko kulikuwa kuegemeana au kukamatwa.