Ugoro Ndani ya Kikopo

Maabara yetu hapa Tabora hupima kama dawa za kifua kikuu sugu bado zina nguvu. Tunaotesha vijidudu vya mgonjwa kwenye chupa, kila chupa na dawa yake, kisha tunasubiri wiki kadhaa. Chupa ikibaki safi, dawa inaua. Vijidudu vikiota, imeshindwa. Mimi naziamini chupa kuliko watu. Chupa haikuchekei usoni huku imekuficha jambo.

Mdogo wangu ni mrina asali. Alipougua, vijidudu vyake viliota kwenye dawa zote za kawaida, akaanzishiwa mpya. Mama, anayeishi naye Kipalapala, ndiye aliyepewa kazi ya kumsimamia azinywe. Kila mwezi mama alileta kikopo cha makohozi, na kila mara chupa hazikuota kitu. Nililia kwa furaha nikiwa nimevaa barakoa. Msimu wa asali ulipofika akaenda porini, akalala kibanda kimoja na wenzake. Nani angemzuia? Majibu yalikuwa safi, na niliyapima mimi.

Mwezi uliofuata mama alileta kikopo kingine. Alisema mdogo wangu alirudi kuchukua unga, akakohoa, akaondoka. Nikakiinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na chembe za ugoro. Mdogo wangu hajawahi kugusa tumbaku. Anayenusa ugoro nyumbani kwetu ni mmoja tu.

Nilimfuata nje kwenye benchi.

"Mama, haya makohozi ni ya nani?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile dawa moja ianze kumtia ganzi miguuni. Mwanangu, atapandaje mti kwa miguu asiyoisikia? Hiyo akawa anaitema, zingine anakunywa. Tungekuletea yake ungemfungia ndani." Akajifunga khanga upya. "Na wewe ulikuwa unafurahi sana ukitupigia simu."

Wangemdanganya daktari, ningewaelewa. Walinidanganya mimi, na mama yangu mzazi alinisikiliza nikimshukuru Mungu kwa mate yake mwenyewe, akaitikia amina. Niliumia mpaka nikashindwa kumwaga chozi.

Mdogo wangu aliitwa kutoka porini. Alikuja amekonda, suruali imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. Nilimpeleka uani, nikasimama upande upepo unakotokea, nikamkazia macho mpaka akakohoa mwenyewe ndani ya kikopo.

Safari hii chupa ziliota. Zile dawa alizokuwa anakunywa, zilizoachwa zipigane bila mwenzao, zote vijidudu vimeshazizoea. Nilizipanga chupa mezani, nikazirudia moja moja, nikitamani niwe nimekosea. Iliyobaki safi ilikuwa moja.

Nikampigia mama.

"Imebaki dawa ya kumponya?" akauliza.

"Imebaki moja, na peke yake haimtoshi."

Akauliza ni ipi.

"Ile ya miguu, mama."