Kamera ya Baba Pale Nangurukuru

Darasa la nne ndilo nililoishia, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Meno yangu mawili ya mbele hayapo, na walioyang'oa nawajua.

Baba alikuwa mpiga picha wa harusi na Idi. Alipofariki aliniachia kamera yake ya mkanda, mdogo wangu akapewa baiskeli. Mimi harusi sina habari nazo. Napenda kupiga watu njiani: utingo amening'inia mlangoni mwa basi, mzee anapiga miayo, mwanamke anagombana na muuza khanga. Mkanda naagiza Dar, ukijaa naurudisha huko kwa basi ukasafishwe. Picha zinanifikia baada ya wiki mbili, tatu.

Siku ya meno hayo nilikuwa stendi ya Nangurukuru, saa nne asubuhi. Mtoto wa kike amelala juu ya gunia la ufuta, mdomo wazi, mkono unaning'inia. Nikapiga moja. Mama yake akanyanyuka.

"We baba, hebu nione hiyo picha ya mwanangu."

"Haionekani, mama. Mpaka ikasafishwe Dar."

"Dar! Mwanangu anapelekwa Dar kufanya nini?"

Yule mama simlaumu. Wiki ile nzima watu walikuwa wanazungumza habari za wezi wa watoto, na simu ya mtu yeyote inaonyesha picha hapo hapo. Yangu haionyeshi.

"Futa!" wakapiga kelele. Naifutaje?

"Anakataa kufuta huyu!" akasema muuza vocha, na ndiye aliyenipiga wa kwanza, kwa kigoda. Bodaboda mwenye jaketi la njano akanikanyaga mdomoni. Hao wawili hadi leo wananisalimia, habari za siku nyingi, kama vile tulikosana kidogo tu.

Damu inanitoka, nikamwona mdogo wangu. Wa tumbo moja. Amekaa juu ya pikipiki yake, hatua kumi hivi. Moyo ukatulia, nikajua nimepona.

"Muulizeni yule! Ndugu yangu yule!"

Wakamgeukia. "Unamfahamu?"

Akaniangalia usoni. "Simjui. Labda ni wa Mtwara huko."

Wallahi mateke sikuyasikia tena. Nilisikia mtu anaulizia petroli, na mimi bado namtazama mdogo wangu. Mtwara! Hata mji alinitafutia.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima anayekaanga mihogo pale stendi. Aliokota kamera mavumbini, akawapigia kelele: "Nyie wendawazimu! Kamera hii ndiyo iliyonipiga picha harusini kwangu! Huyu mtoto wa mpiga picha!" Wakasita. Mmoja akafungua mgongo wa kamera, akauvuta mkanda wote juani autazame. Hakuona kitu. Wakatawanyika, wengine wananung'unika eti mbona sikusema mapema.

Siku ya tatu mdogo wangu akaja nyumbani na papai na maziwa, chakula cha asiye na meno.

"Shikamoo, kaka. Niliogopa. Wangeniunganisha na wewe."

Mama yetu anasema nimsamehe, ni hofu tu. Hofu naijua, niliionja pale chini. Mwenye hofu hunyamaza, au huwasha pikipiki akaondoka.

Watoto wake wakiniamkia naitika marahaba. Yeye akiniamkia, nageuka nyuma kutazama anamwamkia nani.