Dinamo Iliyokataa Siku ya Harusi

Mume wangu alikuwa karani wa reli mjini Nakuru, na jioni zake nyingi zilikwisha akiwa amechuchumaa kando ya pikipiki. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya kabla ya vita, yenye kiti cha abiria pembeni kilichokuwa na gurudumu lake. Aliinunua kwa mzungu wa Njoro aliyekuwa akirudi kwao. Injini haikuwa na neno. Kilichotusumbua ni umeme. Mara waya wa dinamo ulikatika kwa kutikisika, mara betri ilimwaga maji yake makali yakamtoboa suruali ya kazini. Miaka hiyo ya hamsini nilijifunza, bila kupenda, kwamba dinamo ndiyo inayoilisha betri, na betri ikikosa kulishwa, plagi hazitoi cheche.

Mdogo wangu alipopata mchumba, kijana wa kiwanda cha mbao kule Elburgon, mume wangu alisema atampeleka bibi harusi kanisani mwenyewe. Mama hakupendezwa.

"Mtoto wangu aolewe akitokea kwenye hicho kitu?"

"Mama, usiwe na wasiwasi," alimjibu. "Nimeikagua yote."

Asubuhi ya harusi tuliwaachia majirani watoto, tukaondoka. Mdogo wangu alikaa pembeni, gauni jeupe limefunikwa kwa koti refu la mvua, shela ndani ya kikapu mapajani. Mimi nilipanda nyuma ya mume wangu. Mpaka Njoro kulikuwa na jua na ngano pande zote mbili. Lakini tulipoanza kupanda kuelekea msitu wa Mau, ukungu ulishuka tukawa hatuoni hata ukingo wa barabara. Mume wangu akawasha taa.

Nilimwona anainamia kile kisaa kidogo cha umeme kilicho juu ya taa. Mshale wake ulikuwa umelala upande wa kutoa: betri inatoa umeme tu, hailishwi. Taa ikageuka njano, kisha nyekundu kama kaa la moto. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Tukabaki tunasikia matone yakidondoka kutoka kwenye miti ya mitarakwa.

"Baba watoto," nikamwambia, "si ulisema umeikagua?"

"Yote, isipokuwa palipoharibika."

Nilikuwa nimekasirika, lakini mdogo wangu akaangua kicheko ndani ya lile koti, nami nikashindwa kununa.

Mume wangu akafungua kifuniko cha dinamo. Ndani kuna vipande viwili vya kaboni ambavyo springi huvikandamiza kwenye sehemu inayozunguka, na kimoja kilikuwa kimelika mpaka springi haikifikii tena. Dinamo ilikuwa inazunguka bure. Kaboni nyingine hatukuwa nayo. Alitazama huku na huku, akaokota kigogo cha mtarakwa, akachonga kibanzi chembamba kwa kisu chake na kukipachika kati ya kaboni na springi. Kikashika.

"Sasa tuiache betri ipumzike kidogo," alisema. "Ikijikusanya, tutaisukuma kwenye mteremko ule wa mbele. Bila taa."

Tulikaa ukingoni tukala maandazi yaliyokuwa yanapelekwa kwa wakwe. Mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndoa ni ngumu. Nikamwonyesha mgongo wa shemeji yake, umelowa, umeinama juu ya dinamo, nikamwambia ajionee mwenyewe. Tulicheka sana.

Kisha mdogo wangu akavua viatu, akapandisha gauni na koti mpaka magotini, akaja kusukuma.

"Shemeji, sema tu wakati!"

"Sasa!"

Tulisukuma. Pikipiki ikashika kasi, mume wangu akarukia kitini, akaachia klachi. Injini ikaguna, ikaguna, ikanguruma, na bwana akatokomea ukunguni akituacha tumesimama kwenye matope. Hakuthubutu kusimama, asije akaizima. Tulikimbia tukifuata sauti, mimi na kikapu, bibi harusi na viatu mkononi, mpaka tukamkuta chini ya mteremko anazungukazunguka barabarani.

"Inakula!" alipiga kelele akionyesha mshale. "Betri inakula! Pandeni!"

Elburgon tulifika watu wameshaanza kuimba nyimbo za kungojea. Bwana harusi alikuwa amesimama nje ya kanisa, uso umemsawijika. Alipomwona mchumba wake na pindo lake la matope mekundu, aliweka mkono kifuani akavuta pumzi.

Wakati wa pete, mchungaji aliuinua mkono wa mdogo wangu, nao ulikuwa mweusi kwa grisi. Akauangalia, akamwangalia na usoni.

"Umesukuma?"

"Ndiyo, mchungaji."

"Basi huyu ni mke," akamwambia bwana harusi, na kanisa zima likacheka.

Kile kibanzi kiliturudisha mpaka Nakuru, na kwa muda mrefu baadaye mume wangu hakuona haraka ya kutafuta kaboni mpya. Alisema mtarakwa hauozi.