Sifuri ya Nafasi ya Tatu

Programu iliyopokea mahindi yote ya ghala letu la Kitale ilifanya kazi miaka mingi bila mtu yeyote kuweza kuisoma. Niliambiwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kabla hata sijaonyeshwa kiti. Aliyeiandika alikuwa amehamia ng'ambo, na maandishi yake ya asili yakapotea diski ilipoharibika. Zilibaki faili za lugha ya mashine tu.

"Usiiguse," Mkuu wa Kompyuta alinionya. "Hii kitu ikikufa, sisi pia tumekufa."

Kisha ghala la pili likajengwa Bungoma, karibu na Kanduyi. Risiti zilitoka Kitale pekee. Bila kuunganisha kompyuta hizo mbili, wakulima wa Bungoma wangebeba mahindi yao hadi Kitale, na mvua ilikuwa njiani. Nikatumwa mimi.

Bahati nzuri, kulikuwa na chombo kinachopekua faili za mashine na kuandika chenyewe faili ya maelezo ya huduma, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta ya mbali: niulize hivi, nitakujibu hivi. Nilikielekeza kwenye programu ile, nikabonyeza, faili ikatoka. Nilicheka peke yangu kama aliyepata mtoto.

Ila programu ikishageuzwa kuwa ya mashine, majina ambayo binadamu aliyapa vitu mara nyingi hutupwa. Faili yangu ilisema: nipe namba tatu. Za nini, haikusema. Nikakisia uzito, kisha unyevu, na ya tatu nikaweka sifuri.

Siku ya kufungua, Mama Nekesa, mkulima wa upande wa Kibabii, alikuwa wa kwanza na trekta lake. Gunia likapimwa. Risiti ikarudi kutoka Kitale: limekataliwa, unyevu tisini.

Meneja wa Bungoma akapandisha miwani. "Madam, hii si mahindi. Hii ni uji."

"Uji ya nani, bana?" Mama Nekesa akaja juu. "Nimeanika hii mahindi mpaka kuku wote wa kijiji wananijua! Mimi sirudi nayo."

Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka zaidi, kwa sababu tisini ile niliifahamu: ulikuwa uzito wa gunia kwa kilo, programu imeusoma kama unyevu. Nikageuza mpangilio, unyevu mbele, uzito nyuma. Tukatuma tena. Limepokelewa.

"Sasa imekuwa mahindi?"

"Imekuwa mahindi, mama," Meneja akasalimu amri, na vigelegele vikapigwa hadi barabarani.

Nimestaafu sasa. Kazi ile ilinipa raha kila msimu wa mavuno, magunia yakiingia Bungoma na Kitale ikijibu. Mrithi wangu aliniuliza namba ya tatu ni ya nini. Nilimweleza kwamba niliwahi kuijaribu kwa moja, kwa mia, na risiti ikatoka ileile.

"Kwa hivyo nitume nini, madam?"

"Sifuri."

Bado anaituma. Programu bado inaidai kwa kila gunia, na bila namba hiyo haijibu kitu.