Unyevu wa Dindira

Mimi ni mtu wa Handeni, na kwetu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maji yanaweza kuua mmea. Nimekulia mahali ambapo maji aliyonawishiwa mtoto humwagiwa mchicha. Upepo ndio adui. Ukisia mbegu unazifunika kwa gunia bichi, unaziba kila upenyo, unamwachia Mungu. Kwa hiyo niliposhindwa huku Dindira, milimani nilikoolewa, sikushindwa kwa uvivu. Naliweka hilo wazi mapema, maana najua yanayosemwa.

Mama mkwe wangu alikuwa na mbegu za ngogwe, zile nyanya chungu nyeupe, ndogondogo, ambazo naye alipewa na mama mkwe wake. Katika ukoo wao mbegu hupewa mkaza mwana, si binti, kwa sababu binti ataolewa aondoke nazo. Mwaka ule magoti yalimkatalia kabisa kwenda shamba. Akaniita jikoni, akanikabidhi chupa yenye mbegu zilizochanganywa na majivu.

"Mwanangu, ndizo zote," alisema. "Msimu uliopita sikupanda. Zikipotea hizi, basi tena."

Mume wangu ni fundi, anafanya kazi Korogwe mjini na kurudi mwisho wa mwezi. Alikuwa ameigeuza stoo ya nyuma kuwa chumba cha miche, maana nje kuku na konokono hawabakishi kitu. Alipiga rafu za mbao, akatundika taa ndefu nyeupe, akatandaza nailoni ukutani na darini, akaweka na feni ndogo. Akaniagiza dirisha liwe wazi, feni iwake mchana kutwa, maji nimwagilie asubuhi tu. Nikaitikia. Kuitikia sijambo.

Alipoondoka nikazisia mbegu kwenye trei, kisha nikakitazama chumba kile kwa macho ya Handeni. Feni inapuliza udongo mbichi! Nikaizima. Dirishani ukungu ulikuwa unaingia na baridi yake, nikafunga. Nikaweka mabeseni mawili ya maji chini ya rafu ili hewa isikauke, kama mama yangu alivyokuwa akiweka mtungi karibu na miche yake. Jioni nikanyunyiza tena. Mbegu zikaota karibu zote, na mimi kichwa kikavimba. Nikaenda kumpasha habari mama mkwe.

"Chumba kinapumua?" aliniuliza.

Nikamjibu kinapumua. Hapo sikudanganya, sikulielewa tu swali.

Siku chache baadaye nailoni ya darini ilianza kudondosha matone. Kuta zikawa na jasho, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya gunia lililosahaulika mvuani. Mimi niliona ni neema. Asubuhi moja nikakuta miche ya pembeni imelala, mashina yake yamesinyaa pale yanapogusana na udongo, membamba kama uzi. Nikasema masikini, ina kiu. Nikaimwagilia. Kesho yake nusu ya trei ilikuwa chini, na juu ya udongo kumeota manyoya meupe ya kuvu.

Hapo nikaogopa kweli. Na kwa siku tatu, kila mama mkwe alipouliza, nilimwambia zinaendelea vizuri. Huo sasa ulikuwa uongo, na nilijua.

Siku ya nne alikuja mwenyewe, fimbo mkononi, akishika ukuta. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Alisimama mlangoni, akanusa, akafumba macho kidogo. Kisha akaingia, akafungua dirisha, akaniambia nitoe mabeseni.

"Huku maji hatuyatafuti," alisema. "Huku tunayafukuza."

Nikaikata nailoni ya darini kwa kisu, hewa ya moto ipate pa kupandia. Nikawasha feni. Tukang'oa miche iliyolala pamoja na udongo wake, iliyobaki tukaitawanya ili majani yasigusane. Aliniambia niwashe jiko la mkaa uani hadi lishike vizuri, ndipo niliingize, mlango na dirisha vikiwa wazi, likaushe kuta. Yeye alikaa kwenye kigoda, akipapasa udongo wa kila mche kwa kidole. Sikumwona akikasirika. Nilitamani angekasirika, ningepata pa kuanzia kuomba radhi. Niliomba hivyohivyo, naye akasema, "Haya, yamepita."

Kutwa nzima nilikuwa naingia na kutoka, nikipima unyevu kwa kiganja ukutani. Ikapona miche tisa. Shambani panya fuko akala miwili. Saba ikazaa, na hatukula hata tunda moja. Tuliyaacha yote yaive mpaka yawe mekundu, tukayapasua, tukaosha mbegu, tukazianika kwenye ungo juu ya moshi wa jikoni. Nilizigeuza kila siku kwa mikono yangu. Nilidhani nimelipa kosa.

Mbegu zilipokauka alikuja wifi yangu, aliyeolewa Magoma, kumjulia hali mama yake. Tulikunywa chai. Mama mkwe akaagiza ile chupa, nikamletea mimi mwenyewe. Akampa bintiye.

"Kaa nazo wewe," alimwambia. Kisha akanigeukia kwa upole uleule wa siku zote. "Na wewe mwanangu, ukitaka kupanda, utamwomba wifi yako."

Wifi alinitazama, akatazama chini. Hata yeye alijua mbegu zile hazikupaswa kutoka nyumba ile. Nikasema, "Haya, mama." Nikakusanya vikombe.

Mwaka huu chumba changu ni kikavu, dirisha halifungwi, na miche ya kabichi inatoka humo imesimama wima. Msimu ulipokaribia nilishuka Magoma kuomba. Wifi alinipokea vizuri, akanipikia, kisha akamimina mbegu kiganjani. Akanipa kumi na mbili, akizihesabu mojamoja mbele yangu.