Ukivuta Tumbo, Sipimi

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi, na Gladys Makandi ameshamkasirikia mteja wake wa kwanza.

Mteja ni Mama Thuranira, mwanakwaya aliyekuja kupimwa kitenge cha harusi. Tepu inapozunguka kiuno, mama huyu anavuta tumbo ndani, anakaza shingo na kutazama bati la juu kama mtu anayechomwa sindano. Gladys anaiachia tepu ianguke.

"Wewe, pumua," anasema. "Mimi nashonea watu wanapumua. Yule hapumui nilishamshonea."

Mama Thuranira anacheka kwa aibu, kisha anapumua. Kiuno kinaongezeka inchi mbili na Gladys anaziandika zote kwenye daftari.

Kibanda chake kiko Githongo, nyuma ya duka la mbolea, mahali wakulima wa kahawa wanapopita wakielekea sokoni. Ana miaka 43, cherehani mbili, na kipande cha katoni ukutani chenye maandishi ya kalamu nene: UKIVUTA TUMBO SIPIMI. AKIBA YA NDANI HAIKATWI.

Akiba ya ndani ni kitambaa cha ziada ambacho mafundi wa zamani wa hapa huacha kwenye mshono, inchi mbili kila upande. Mwenye nguo akinenepa au akibeba mimba, mshono unafumuliwa na nguo inapanuliwa. Mama wa enzi hizo walikuwa na gauni moja la kanisani, na walinuia kuzeeka nalo.

Gladys amewahi kuikata akiba hiyo kwenye nguo za mtu mmoja tu, dada yake. Hajajisamehe. Wala hana haraka ya kuwasamehe wengine.

Dada huyo ni Lydiah Kajuju, mwalimu wa chekechea na mama wa watoto watatu, aliyefariki Agosti, miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka 36. "Alikuwa mtu wa kucheka mpaka stuli inalia," anasema Gladys. "Mwili alikuwa nao, kama mama yetu. Na hakuna mtu aliwahi kumwambia mama yetu ni mbaya."

Balaa lilianza na video ya harusi. Wifi wa Kajuju aliolewa, mpiga video akaweka vipande mtandaoni, na katika kimoja Kajuju anacheza mbele ya bibi harusi, mikono juu, uso umejaa furaha. Mtu asiyemjua akaandika chini yake: "Lori ya mchanga imetoka Kiritiri." Watu zaidi ya mia nne wakaweka alama ya kicheko.

Hebu fikiria. Watu mia nne, na wengi wao wana mama.

"Alinionyesha hiyo simu akiwa amekaa hapo," Gladys anasema, akiielekezea mkasi stuli iliyo karibu na mlango. "Nikamwambia achana nao. Hakuachana nao. Alikuwa anasoma hayo maneno kila asubuhi, ni kama maombi."

Mwezi uliofuata, kituo kimoja cha redio cha lugha ya nyumbani kikaanzisha shindano. Wanawake walipiga simu kutaja kilo walizopunguza tangu Jumatatu, na mtangazaji akawashangilia kwa majina. Kati ya simu moja na nyingine likachezwa tangazo la chai ya kupunguza tumbo. Kajuju alinunua pakiti moja, kisha nyingine, kisha vidonge alivyoletewa na mwalimu mwenzake. Chakula cha jioni akawa anapakulia watoto na mume wake Kobia, yeye anasema ameshakula shuleni.

Alipungua, na kila aliyekutana naye alimsifu. Kanisani walimwambia amerudia usichana. Kobia alinunua simu mpya ya kumpigia picha. Na Gladys, fundi wake, alimsifu kuliko wote.

"Hapo ndipo nataka uandike vizuri," anamwambia mwandishi, na sauti yake inapanda. "Usiandike redio peke yake. Andika na mimi. Aliniletea nguo zake nne nizipunguze. Nikazipunguza nikiimba. Akaniambia, 'Gladys, hiyo akiba ya ndani kata, sirudi huko tena.' Nikachukua mkasi nikakata. Mimi, fundi wa miaka ishirini."

Anafungua daftari la vipimo, la jalada jeusi, na kutafuta ukurasa wa Kajuju. Kiuno kimeandikwa mara nne, kila mara na tarehe: 41, 38, 34, 29. Kipimo cha mwisho alichukua siku kumi kabla ya mazishi.

"Hiyo ya mwisho hakuwa na 29," anasema. "Alikuwa 30 na nusu. Alivuta tumbo, akaniambia, 'Weka ishirini na tisa, nitafika.' Nikaweka."

Kajuju alianguka darasani Alhamisi moja, akiwafundisha watoto wimbo wa siku za wiki. Alifika hospitalini akiwa amekwisha kufa. Daktari aliieleza familia kwamba chai na vidonge vilikuwa vimemaliza chumvi za mwili, na moyo haufanyi kazi bila chumvi hizo. Watoto wa chekechea walidhani mwalimu anacheza, wakaendelea kuimba.

Kama ilivyo desturi, familia ilipeleka tangazo la kifo redioni, kwenye kituo ambacho kijiji kizima husikiliza, kile kile cha shindano. Saa moja jioni jina la Kajuju likasomwa, pamoja na majina ya wazazi, mume, watoto na siku ya mazishi. Jamaa walikuwa wamejaa sebuleni wakisikiliza. Tangazo lilipokwisha, kabla hata mtu hajapangusa machozi, ukaingia muziki wa furaha na sauti ya msichana: je, tumbo lako linakuaibisha?

"Ilikuwa chai hiyo hiyo," Gladys anasema. "Kobia aliinuka akaichukua redio akaitupa nje kwa migomba. Mpaka leo hatujanunua ingine."

Hata mazishini haikuisha. Watu walipopanga foleni kuuaga mwili, mwanamke mmoja aliinama juu ya jeneza, akatikisa kichwa na kusema, "Lakini aki alikuwa amependeza." Alisema kwa upendo, na hilo ndilo linalomchoma Gladys. Hakuna mtu pale aliyemwona kuwa amekosea.

Wiki iliyofuata alirudi kazini, akapanda juu ya stuli na kung'oa mabango yote ya mitindo. Kila fundi anayo: wanawake warefu, viuno kama mkono, shingo kama za korongo, na gauni ambazo hazijawahi kumkaa mteja yeyote wa Githongo. Mahali pake amebandika picha za wateja wake. Mmoja ni mama wa Kibirichia aliyekuja moja kwa moja kutoka shamba la viazi, udongo bado uko kwenye gumbuti. Mwingine ni mjamzito anayecheka, kitenge kimepaa mbele.

Msimamo huu haumpi utajiri. Gauni moja anashona kwa shilingi 1,200. Zamani alishona kama kumi na tano kwa mwezi, sasa akifika tisa anashukuru. Mabibi harusi ndio waliomkimbia kwanza. Beth, binti wa jirani yake, alitaka gauni dogo kuliko mwili wake kwa inchi mbili, kwa sababu harusi ilikuwa baada ya miezi miwili na aliapa angekuwa amepungua. Gladys alikataa. Beth alienda kwa fundi mwingine, na siku ya harusi alizirai kanisani kabla ya viapo.

"Walimpepea kwa programu," anasema Gladys, wala hacheki. "Akainuka, wakampiga picha."

Ameandikia kituo cha redio barua tatu. Haombi fidia. Anaomba tangazo la chai lisiwekwe karibu na matangazo ya vifo, na shindano life kabisa. Hajajibiwa. Jumatatu yeye na akina mama kumi na mmoja wa ushirika wa kanisani watapanda gari kwenda huko wenyewe, na atabeba lile daftari.

Saa tano, mlango unatiwa kivuli na msichana wa miaka kumi na tano. Ni Kinya, mtoto wa kwanza wa Kajuju, yuko kidato cha pili. Mwezi ujao anapokea kipaimara na anahitaji gauni jeupe.

"Muga, Anti," anasalimia, kisha anasimama mahali mama yake alipokuwa akisimama.

Tepu inazunguka. Likizo iliyopita Kinya alikuwa 28. Leo tepu inasoma 26, na mbavu zake zimetokeza.

"Umekula nini leo?" Gladys anauliza.

"Sina njaa, Anti. Andika tu ishirini na nne. Nitafika."

Gladys anakaa chini polepole, uso umebadilika rangi, na kwa muda inaonekana kama atampiga kofi. Badala yake anafungua daftari kwenye ukurasa wa Kajuju na kulisukuma juu ya meza.

Kinya anaijua tarehe ya mazishi ya mama yake. Anasoma namba ya kwanza hadi ya nne, anaweka kidole juu ya ile ya mwisho na kuhesabu siku kwa midomo. Kisha analia, kwa sauti, kama mtoto mdogo. Gladys hambembelezi. Anamwachia alie mpaka atosheke, anamtolea sahani ya mukimo aliyokuwa amejiwekea mwenyewe, na anamtazama akiimaliza.

"Simama," anasema. "Sasa pumua."

Tepu inasoma 27. Gladys anaandika 27, anachukua chaki na kuchora kwenye kitambaa cheupe, na kila upande anaongeza inchi mbili.

Mwandishi anamuuliza anatumaini nini. Anajibu bila kuinua macho, na hasira bado iko mle mle sautini.

"Hii nguo nataka anirudishie mwaka ujao imembana, niifumue. Na mwaka unaofuata airudishe tena. Mimi nimeshazika mmoja. Huyu ndiye atanizika mimi."